Mwacheni Bibi wa Watu: Neno Kuhusu Muvi Zetu za Kutisha

Ukitaka chumba cha hosteli kisilale, sema tu kwamba Shumileta ni muvi nzuri. Nusu watakucheka, nusu watakutetea, na saa saba usiku bado kuna mtu kasimama juu ya kitanda anaeleza jinsi damu ya Bongo muvi inavyofanana na juisi ya rozela. Nimeshiriki ubishi huu hapa chuoni na nimeushiriki nyumbani Mwanga, Kigoma, kwenye kibanda umiza cha jirani na soko, ambako wabishi ni mafundi pikipiki na wachuuzi wa dagaa. Kusema kweli wanabisha vizuri kuliko sisi wa digrii.

Kambi ni mbili. Ya kwanza inasema muvi zetu za kutisha ni za bei rahisi na zote ni kopi: sisi tumewaiga Wanigeria, na Wanigeria waliwaiga Wazungu. Ya pili inasema tuache kujidharau, tusapoti cha nyumbani, na kwamba ukimpa Mussa Banzi bajeti ya Hollywood utaona maajabu. Mimi siafiki upande wowote. Wa kwanza wanakosea kuhusu kukopi, wa pili wanakosea kuhusu hela, na wote wanalikwepa jambo ambalo mimi mtoto wa Kigoma, tena mwalimu mtarajiwa, siwezi kulikwepa.

Tuanze na kukopi. Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitoa filamu ya Nosferatu. Ulikuwa wizi wa mchana kweupe. Riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka 1897, ilichukuliwa bila ruhusa, majina yakabadilishwa kidogo, basi. Mjane wa Stoker akaenda mahakamani, akashinda, na mahakama ikaamuru kopi za filamu ziharibiwe. Chache zikanusurika, na leo filamu hiyohiyo inasomeshwa vyuoni kama baba wa muvi za kutisha. Sasa angalia kitu kimoja. Kwenye kitabu, Dracula anaweza kutembea mchana. Wazo la mnyonya damu kuuawa na mwanga wa jua lililetwa na Nosferatu, na kila mtoto mwenye simu leo analijua bila kujua limetoka wapi. Mwizi aliingia nyumba ya watu akaacha humo kitu ambacho hakikuwemo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza Banzi si kama aliiga. Aliiga, ndiyo, na Wanigeria walikuwa mezani. Baada ya Living in Bondage ya mwaka 1992, ile ya mume anayemtoa kafara mke wake ili atajirike halafu mzimu wa mke unamwandama, nani Afrika hakuiga? Muulize aliacha nini. Shumileta ni mwanamke wa kutoka ulimwengu wa majini anayempenda binadamu. Mtu wa Pwani akisikia hivyo hahitaji Nigeria wala Hollywood, anajua habari za jini mahaba tangu anyonye. Ukiniuliza, meno ni ya kuazima lakini mapenzi ni ya kwetu. Hiyo kwangu inatosha kumpa mtu heshima yake, hata kama mwanga wa kamera ulikuwa wa kubahatisha.

Na tusisahau watafsiri. Wazee wa vibanda bado wanamtaja Lufufu, Derek Mukandala, na Wakenya wana DJ Afro wao. Muvi inatoka nje ikiwa ya kutisha, inapita mdomoni mwa mtafsiri, na ikifika Mwanga imeshakuwa kitu kingine kabisa: zimwi lina jina la utani, shujaa anagombezwa kwa uzembe, na watu wanacheka mahali ambapo mwenye muvi alitaka walie. Nani aseme hiyo ni kopi? Nikipata nafasi ya kufundisha fasihi simulizi nitaanzia hapo, syllabus itanisamehe.

Kuhusu hela nitakuwa mfupi. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ilianza na dola kama elfu 60 na ikaingiza karibu dola milioni 250. Walipiga picha kwa siku nane tu msituni, waigizaji wenyewe wakibeba kamera, na mchawi mwenye haonekani hata mara moja. Utasema dola elfu 60 kwa Bongo ni hela ya muvi kibao. Sawa, njoo Kampala. Isaac Nabwana wa Wakaliga husema Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilimgharimu chini ya dola 200, na ina mashabiki Ulaya na Marekani. Ile ni ya mapigano, si ya kutisha, lakini hoja ni ileile. Kwenye kutisha, umaskini ni faida ukijua kuutumia, kwa sababu kisichoonekana hakina gharama. Sisi tunafanya kinyume: hela hatuna, halafu tunang'ang'ania kumwonyesha shetani dakika ya tano, mchana, na vipodozi vinayeyuka kwa jua.

Watu wa Kigoma tunajua hili vizuri. Mwaka 2007 Wamarekani walitoa Primeval, muvi ya mamba mla watu, na mamba mwenyewe ni Gustave, yule wa Burundi anayesimuliwa kuanzia mto Ruzizi hadi ziwani kwetu Tanganyika. Waliipigia picha Afrika Kusini, mamba wakamtengeneza kwa kompyuta. Tuliitazama pale kibandani na hakuna aliyeshtuka. Mzee mmoja mvuvi alisema mamba anayeonekana hivyo si wa kuogopwa, unamkwepa tu. Wa kuogopwa ni yule ambaye umeona maji yametulia. Mzee huyo hajasoma kozi ya filamu, lakini alichosema kinazidi mihadhara mingi.

Na mali ghafi tunayo hadi inamwagika. Pale bandarini ilikuwa inatia nanga MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa Kigoma vipande vipande na kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe, injini wakiwa wameipaka grisi kama watu waliokusudia kurudi. Ikakaa chini ya maji hadi 1924 ilipoibuliwa, na tangu 1927 ikabeba bibi zetu na magunia yao ya dagaa. Meli iliyofufuka! Mpaka leo sijaona Bongo muvi ya kutisha iliyopanda meli hiyo. Tunaendelea kupiga picha kwenye nyumba ya geti jeusi Dar es Salaam, na mganga "kutoka Kigoma" analetwa dakika ya arobaini akiwa na kaniki na ngozi ya mnyama.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Mzimu tunaukopi, lakini mchawi hatumkopi popote, tunamchukua nyumbani. Na mara nyingi ni yuleyule: bibi kizee, maskini, anakaa peke yake, macho mekundu. Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo niliwapa kidato cha pili waandike insha ya kutisha. Nilitegemea majini, mamba, makaburi, chochote. Karibu wote waliniletea bibi mwenye macho mekundu. Niliwauliza wamemwona wapi, wakacheka, wakasema, "Kwenye muvi, mwalimu."

Huko Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho hayohayo. Mekundu ya nini? Ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Huku kwetu magharibi kuna kamchape, vikundi vinavyozunguka vijijini vikidai kufichua wachawi. Si jambo la jana; watafiti waliwaandika Ufipa tangu miaka ya 1960, na mkoani Kigoma polisi wamekuwa wakihangaika nao hadi miaka hii. Wanaingia kijijini, watu wanachanga, nyumba ya fulani inachimbuliwa, pembe "inapatikana". Anayeishi nyumba hiyo baada ya hapo anaishije, usiniulize.

Sisemi muvi ndizo zinazoua. Kamchape walikuwepo kabla ya deki na kanda, na imani hii haikuanzia kibandani. Rafiki yangu wa sosholojia amenirukia mara nyingi kwamba nataka sanaa iombe ruhusa, kwamba watazamaji wana akili zao, kwamba muvi ni muvi tu. Ni kweli wana akili. Lakini huyohuyo hutetea Bongo muvi kwa kusema zinaakisi jamii. Achague moja. Kama ni kioo, basi huyo bibi anayeonekana ndani yake yupo, ana jina, anateka maji kisima kimoja na huyo kijana anayetazama.

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja aliniuliza kwa kejeli: ukimtoa bibi, nani atabaki kuwa mchawi? Nikamwambia simtoi bibi. Namtaka abaki, ila kamera ihame, ikakae ndani kwake. Usiku, kijiji kidogo ng'ambo ya Malagarasi. Bibi amewasha kibatari, anachambua maharage. Kwa mbali ngoma zinalia, na anajua ni kamchape, kwa sababu mchana mjukuu wake alikataa chakula chake na hakutaka kumtazama usoni. Ngoma zinasogea, mbwa ananyamaza. Vijana wa kijiji, ambao yeye mwenyewe aliwapokea mikononi akiwa mkunga, wanaanza kulitaja jina lake kule nje, kwanza mmoja, halafu wengi. Zimwi la plastiki halihitajiki, wala kompyuta. Unahitaji nyumba moja, mwigizaji mmoja mzee anayejua kunyamaza, na mtu wa sauti anayeijua kazi yake.