Mtoto Asiyekaa Asiambiwe Asubiri: Barua ya Wazi kwa Magavana wa Migori na Homa Bay

Kwa Waheshimiwa Ochilo Ayacko na Gladys Wanga,

Tangu chanjo ya malaria ilipozinduliwa Homa Bay mnamo Septemba 2019, nayo Migori ikiwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuipokea, akina mama wa kaunti zenu wamezoea kupeleka watoto kliniki wakiwa na miezi 6, 7 na 9. Ni miezi hiyohiyo ambayo udhaifu wa viungo huanza kujitokeza. Mtoto hupimwa uzito, hudungwa sindano, kisha mara nyingi hurudishwa mgongoni bila yeyote kumweka chini atazame kama anakaa. Ukurasa wa hatua za ukuaji umo tayari katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Kinachokosekana ni amri ya kuutumia, na mahali pa kumpeleka mtoto aliyebaki nyuma.

Najua jibu linalotangulia: kila mtoto na wakati wake. Ni kweli, na Shirika la Afya Duniani lililithibitisha mwaka 2006 kwa kufuatilia watoto wa Ghana, India, Marekani, Norwe na Oman. Wapo waliotembea kabla ya miezi 9 na wapo waliokaribia 18, na takriban 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, kwa hiyo kutotambaa peke yake si hoja ya kumtia mama kiwewe. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 99 walikaa bila kushikwa kufikia miezi 9 na siku chache. Anayepita hapo anastahili kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Zipo pia dalili zisizongoja umri huo: shingo isiyokaza katika miezi 4, miguu iliyokakamaa, mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au anayepoteza alichokwisha kukiweza. Aliyezaliwa njiti, aliyechelewa kulia, au aliyeugua manjano kali afuatiliwe tangu mwanzo. Na mwenye nyayo zilizopinda aanze plasta katika wiki zake za kwanza.

Mtasema wataalamu ni wachache. Basi wapangiwe siku maalumu katika kila hospitali ya kaunti ndogo, nayo iwe siku ya kliniki ya watoto, maana mama wa Mfangano anayevuka ziwa hadi Mbita hana nauli ya safari mbili. Sehemu kubwa ya kazi ya kumsaidia mtoto, isitoshe, hufanyika nyumbani. Mtafiti Charles Super aliandika mwaka 1976 kwamba watoto wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwazoeza. Katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakutangulia. Hao walikuwa watoto wazima. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo haponi kwa mazoezi, na asiyesema hivyo anawauzia wazazi ndoto. Hata hivyo mama aliyeonyeshwa namna ya kumbeba, kumkalisha na kumlisha mtoto wake anaweza kupunguza kukakamaa kwa viungo, na mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kumfuatilia kijijini.

Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013, kwa hiyo uamuzi huu hauhitaji kungoja Nairobi. Tunawaomba mtoe agizo la maandishi kwa kila zahanati: mtoto wa miezi 9 asiyekaa apewe rufaa siku hiyohiyo, na nafasi za wataalamu wa fiziotherapia ziingizwe katika bajeti ijayo.