Kitambi Si Cheo

Katika Kata ya Mashewa, Wilaya ya Korogwe, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Tanga, mchunga, kisamvu na majani ya kunde ni mboga za mkulima. Mtumishi anayehamishiwa vijijini, awe mwalimu, karani au bwana shamba, mara nyingi huziona kuwa chakula cha shida. Mshahara ukitoka hununua mchele, sembe, mafuta na sukari. Baada ya miaka michache suruali humbana kiunoni, na wenzake humpongeza kwamba kazi imemkubali.

Pongezi hizo zina hatari. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi; mwaka 2010 walikuwa 22. Uzito huo ni njia ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Wala haulazimu mtu awe mnene wa kupindukia: mwenye urefu wa mita 1.60 akifikisha kilo 64 tayari yumo katika kundi la waliozidi.

Wapo waliokwisha kushtuka, lakini wengi wao hukimbilia dawa. Katika masoko na vituo vya mabasi huuzwa unga na maji ya chupa yanayodaiwa kuyeyusha mafuta ya tumbo kwa siku chache. Baadhi ya dawa hizo ni za kuharisha tu, mfano wa sanamaki. Anayezinywa huona mizani imeshuka, kumbe kilichotoka ni maji na choo. Mafuta yamebaki palepale. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliweka Baraza la kusimamia waganga na dawa zao, na mtumishi anayejua kusoma hana udhuru wa kununua chupa isiyo na usajili. Mwenye kutumia dawa za kisukari au presha asithubutu kuziacha kwa ajili ya chupa hiyo.

Hii haina maana kwamba mimea haisaidii. Tangawizi, mdalasini na iliki, ambazo hustawi katika milima ya Usambara, haziyeyushi kitambi, lakini huipa chai ladha hata mnywaji akapunguza sukari. Hapo ndipo penye faida. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, ni gramu 36 hivi za sukari, ambapo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora mtu mzima asizidi gramu 25. Soda ya mchana bado haijahesabiwa! Dona, kunde, maharage na mboga za majani nazo zina nyuzinyuzi, hushibisha mapema na kuchelewesha njaa. Lakini hata bada hunenepesha, ikiwa mlaji ameijaza sahani kama anayetoka kulima ilhali ameshinda kitini na kurudi nyumbani kwa bodaboda.

Linalotia uchungu zaidi ni kwamba unene huu unakua katika nchi ambayo, kwa uchunguzi wa 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwalimu anayefundisha lishe bora ubaoni, kisha akawatuma wanafunzi wamletee soda na maandazi, amelifuta somo lake mwenyewe. Wanafunzi huiga wanachokiona.

Mwaka 1975 Taifa liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai kwa redio na vikundi vya kusoma, shabaha ikiwa upungufu wa chakula. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Mazoezi ya mara moja kwa mwezi hayawezi kushindana na semina za kila wiki zenye soda, sambusa na chipsi. Halmashauri na wakuu wa shule wanaweza kuanza na semina hizo: maji, machungwa, muhogo wa kuchemsha, na chai ambayo sukari yake imewekwa kando. Hakihitajiki kifungu kipya cha fedha. Mpishi aagizwe mapema.