KOMPYUTA KUUKUU SI TAKATAKA

Ndugu msomaji, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini tukiingia chumba cha kompyuta tunaisahau. Humo ni lawama tu: "Mashine zimezeeka, tungoje wafadhili walete mpya." Mimi nasema tusingoje. Kwanza tuziongeze kumbukumbu.

Hebu tueleweshane. Kompyuta ina diski kuu, ambamo kazi huhifadhiwa hata stima ikipotea. Pia ina kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi huiita ramu, ambamo programu hukaa inapotumika. Ramu ikijaa, mashine huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na diski hizi za zamani ni nzito mno. Sisi wa Tana River tunalijua jambo hili. Mafuriko yakikata barabara, abiria wa basi zima huvushwa kwa mashua ndogo, wachache wachache. Nahodha si mvivu, jamani. Chombo ndicho kidogo. Vivyo hivyo kompyuta zetu.

Hasara yake si ndogo. Kipindi ni dakika 40. Mashine ikichukua dakika 10 kuamka, na wanafunzi watatu wanaingojea kwa zamu, yule wa mwisho hugusa kibodi kengele ikilia. Mtihani wa vitendo ukija, wenzetu wa mijini wanachapa, sisi tunatafuta herufi. Je, hiyo ni haki?

Isitoshe, kuongeza kumbukumbu si jambo geni. IBM PC ya mwaka 1981, ile ya bei ya chini, iliuzwa na kilobaiti 16 tu, na iliundwa hivi kwamba anayetaka zaidi aongeze. Windows 95 ilidai angalau megabaiti 4. Windows 10 ya biti 64 ilidai gigabaiti 2, yaani mara 512! Mashine haikuzeeka peke yake. Programu nazo zimenenepa.

Najua wapo watakaosema kuukuu ni kuukuu tu. Kweli, si kila mashine itafaa. Kijiti cha DDR2 hakiingii penye nafasi ya DDR3, kwa sababu pengo lake limewekwa mahali tofauti makusudi. Tena Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Lakini Linux ipo, ni ya bure, na baadhi ya aina zake hazina makuu. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limefufua mashine zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Kwa nini sisi tushindwe?

Kwa hivyo natoa wito kwa walimu na wanafunzi. Tuzihesabu mashine zote, hata zilizokufa. Tuzime stima, tuchomoe waya, tuguse chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke, kisha tufungue, tupanguse vumbi na kuandika aina ya kila kijiti. Kijiti cha mashine iliyokufa chaweza kuokoa iliyo hai. Kitakachopungua tununue, bei yake haikaribii bei ya kompyuta mpya. Wafadhili wakija, karibu sana. Wasipokuja, tutakuwa tunasoma. Haya shime, wenzangu!