Kumbe foleni nayo inasomewa!

Wiki hii nina kisa cha nyumbani, tena cha pesa, kwa hiyo kaa mkao wa kula.

Jumapili moja nimejinyoosha zangu hapa Tandika, mara huyo mdogo wangu wa mwisho kaingia. "Shikamoo, kaka." Nikajua ana lake jambo, maana shikamoo yenyewe ilikuwa ya upole mno. Akanipa kikaratasi: mafunzo ya wiki mbili, uchambuzi wa takwimu pamoja na usimamizi wa mitambo ya foleni za ujumbe. Ada laki nne, cheti siku ya kufunga.

Nikacheka mpaka machozi. "Dogo, mtu anayegombea daladala Mbagala Rangi Tatu kila asubuhi si tayari ni profesa wa foleni?"

Yeye hakucheka. "Kaka, unaikumbuka ile siku ya dawa za Mama?"

Hapo nikatulia. Nilimtumia Mama elfu hamsini kwa simu, naye yuko dirishani duka la dawa. Hazikufika. Nikatuma tena. Baada ya saa nzima zikaingia zote mbili, mimi nikabaki sina hata nauli ya wiki, na Mama kasimama muda wote huo na presha yake.

Basi bwana, dogo akanipa somo. Kwenye mifumo mikubwa, taarifa nyingi haziendi mkono kwa mkono. Zinapangwa foleni katikati, na mtambo wa mbele ukipata nafasi unachukua moja moja. Programu za kazi hiyo zipo, kama RabbitMQ na Apache Kafka. RabbitMQ ikipangwa vizuri, ujumbe haufutwi mpaka aliyeupokea aseme amemaliza. Akizimika katikati, unarudi foleni apewe mwingine. Mtego uko hapo hapo: ujumbe mmoja unaweza kufanyiwa kazi mara mbili. Ndiyo maana kila muamala unatakiwa uwe na namba yake, ili ukirudi uambiwe, "Wewe nilishakuhudumia." Msimamizi kazi yake ni kuona foleni inarefuka wapi kabla mama wa mtu hajaota mizizi dirishani.

"Na takwimu zinaingiaje?"

Kumbe foleni ina hesabu zake. Mdenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, alichapisha hesabu za simu zinazopigwa mwaka 1909. Mwaka 1961 Mmarekani John Little akathibitisha kanuni nyepesi: idadi ya walio foleni ni wanaofika kwa dakika, mara dakika wanazosubiri. Wakifika kituoni watu 10 kila dakika, na kila mmoja akasubiri wastani wa dakika 30, ukitupa jicho utakuta watu 300.

Tena akaniambia nisiamini wastani kichwa kichwa. Ukisubiri basi dakika 10 siku nne, na siku ya tano dakika 60, wastani ni 20. Lakini hakuna hata siku moja uliyosubiri dakika 20! Bosi anakufukuza kwa ile 60.

Nikakubali, elimu ipo. Jumatatu tukaenda wote mpaka Kinondoni kwenye hicho chuo. Chumba kimoja, viti vya plastiki, cheti cha mfano kina nakshi za dhahabu. Kompyuta? "Zinakuja." Dogo akamuuliza mwalimu, "Mtambo unaopokea ukizimika katikati ya kazi, ujumbe unaenda wapi?"

Jamaa akakohoa. "Mnawasha upya tu."

Dogo akanitazama, mimi nikatazama mlango. Tukashuka ngazi bila hata kuaga.

Msomaji wangu, laki nne ni vitumbua vingi sana vya mama wa mtu. Kabla hujatoa, uliza kama chuo kimesajiliwa NACTVET. Uliza utakaa mbele ya kompyuta saa ngapi kwa siku. Mwulize mwalimu swali gumu moja, halafu mwangalie usoni. Na ujue kwamba RabbitMQ, Kafka na programu ya takwimu iitwayo R zinapatikana bure. Unachomlipa mwalimu ni kukusimamia mpaka uweze, karatasi inafuata. Anayetaka takwimu hasa, Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika kipo hapa hapa Dar, Changanyikeni, tangu mwaka 1965. Hakijaota jana kama uyoga.

Laki nne sikumpa. Nilimpa laki mbili, akaongezea zake, akaenda Kariakoo kuchukua kompyuta iliyokwishatumika. Usiku anaizima makusudi katikati ya kazi, aone ujumbe wake unarudi foleni au umepotea. Asubuhi anasimama Rangi Tatu na daftari, anahesabu watu. Makonda wameshaanza kumwita "Bwana Sensa".

Mama anauliza mtoto wake ana nini. Nimemwambia anajifunza kazi, mama, ili siku nyingine usisimame dirishani.

Tukutane wiki ijayo, na pesa yako ishike vizuri!