Tusipomwelewa mbu, vyandarua pekee havitatuokoa

Kila msimu wa mvua malalamiko ni yale yale. Wananchi wanasema vyandarua vya siku hizi ni feki, kwamba mbu anatua juu yake, anapumzika, kisha anaondoka zake. Wengine wanadai kuna wakubwa waliokula fedha za dawa. Sina ushahidi wa wizi wowote. Ninachojua ni kwamba maelezo ya kisayansi yapo, ila hayajamfikia mwananchi kwa lugha anayoielewa.

Suala hili si dogo. Machi 2017 serikali yetu ya Burundi ilitangaza rasmi mlipuko wa malaria. Katika darasa langu viti huwa vitupu kila mvua zinapokolea, na sihitaji kuuliza sababu.

Mishipa ya fahamu ya mdudu hupeleka habari kwa umeme mdogo. Umeme huo hutokana na chembe za sodiamu zinazoingia kupitia vijilango vilivyomo kwenye ngozi ya mshipa. Kijilango hufunguka kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha hujifunga. Dawa za jamii ya pareto, ua ambalo majirani zetu wa Rwanda hulilima karibu na milima ya volkeno, hufanya kazi kama kabari. Zinakwama mlangoni, nao haufungi. Mshipa hupeleka habari mfululizo bila amri, mbu anatetemeka, anaanguka, anakufa. Dawa ya kwenye vyandarua ni ya jamii hiyo, ila imetengenezwa kiwandani. DDT nayo hushika kijilango hicho hicho.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kijilango hicho kimejengwa kwa vipande zaidi ya 2,000 vya asidi amino. Kwa baadhi ya mbu wa Afrika Mashariki, kipande kimoja tu, kile cha 1014, kimebadilika, na kabari haikai tena sawasawa. Badiliko hilo liliripotiwa nchini Kenya mwaka 2000. Wapo pia mbu wenye vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye mshipa. Mbu hakujifunza ujanja huo. Wachache waliozaliwa nao walipona, wenzao wakafa, na waliopona ndio waliozaa.

Hapa kwetu ushahidi upo. Huko Karuzi nyumba zilipuliziwa dawa ya jamii hiyo kati ya 2002 na 2005. Watafiti walikuta badiliko hilo likipanda kutoka takriban asilimia 1 mwaka 2002 hadi zaidi ya asilimia 80 mwaka 2007 katika mabonde yaliyopuliziwa. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini kwa mbu dawa ile ile ikirudiwa inageuka kuwa mbegu ya usugu.

Wizara ya Afya haiwezi kulimaliza tatizo hili peke yake. Mkulima wa nyanya anayepulizia saipametrini shambani anatumia dawa ya jamii ile ile iliyomo kwenye chandarua chake. Maji ya shamba yanateremka bondeni, na bondeni ndiko mbu anakozaliwa. Kwa hiyo Kilimo na Afya wakipanga kila mmoja kivyake, mmoja atabomoa kile anachojenga mwenzake. Nashauri wakae meza moja na kukubaliana ni dawa zipi ziachwe kwa ajili ya malaria tu.

Dawa za aina nyingine zipo. Klothianidini, inayotumika kupulizia kuta, hushika mlango mwingine kabisa wa mishipa ya mdudu. Klofenapiri haigusi mlango wowote, hukata nguvu ndani ya seli. Vyandarua vyenye klofenapiri pamoja na dawa ya zamani vilijaribiwa Misungwi, mkoani Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha watoto wakiambukizwa kidogo zaidi kuliko waliolalia vya kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Lakini hivi navyo vitachakaa kwa usugu tukivitegemea peke yake miaka nenda rudi. Lazima dawa zibadilishwe kwa zamu, na mbu wapimwe kila mwaka.

Jambo la mwisho ni shule. Mimi nilisoma ukimbizini Tanzania, na mfumo wa fahamu nilifundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili. Nikauelewa. Wanafunzi wangu wa leo wanaukariri kwa Kifaransa, wanapata alama nzuri, kisha wanarudi nyumbani wasiweze kumwambia mama kwa nini mbu hafi. Tufundishe somo hili kwa Kirundi na Kiswahili, darasani na redioni.

Na ndugu wananchi, msivitupe vyandarua. Hata mbu sugu hapenyi wavu usiotoboka. Wala msivifanye nyavu za kuvulia Tanganyika, maana dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki, na matundu yake hayabakizi hata kifaranga cha dagaa. Chandarua kilichotoboka kishonwe leo, kabla giza halijaingia.