Tochi ya mlinzi ni pembejeo, inunue kama pembejeo

Leo siongelei viwavijeshi wala bei ya mbolea. Naongelea tochi, na najua wapo watakaocheka.

Nikitembelea mashamba ya vijana huku kwetu, kuanzia bustani za nyanya upande wa Kahama mpaka matikiti ya Geita, nakuta kitu kilekile. Kijana kafunga pampu ya sola, kaweka paneli, katandaza mipira ya matone, mtaji wa mamilioni. Halafu mlinzi wa usiku kapewa kitochi cha bei ya soda chache, ambacho saa nane usiku hakiwaki tena. Anamalizia zamu kwa mwanga wa simu yake. Mimi nasema huyo hujamwajiri, umemweka rehani kwa ajili ya paneli zako. Akija mwizi na panga, wewe uko mjini umelala.

Sasa kwenye kununua. Boksi la tochi lina uongo mwingi, na uongo mkubwa uko kwenye betri. Ile betri ya duara inayoingia kwenye tochi nyingi za kuchaji inaitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Betri ya saizi hiyo, hata itoke kiwanda bora kabisa, haizidi sana mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900 irudishe mezani. Ipime na mkononi: betri nzima ina gramu 45 hivi, za uongo mara nyingi ni nyepesi kama zimejazwa pamba.

Piga hesabu ndogo, kama unavyopiga za mbegu. Betri ya kweli ya mAh 3,000 zidisha kwa volti 3.7, unapata wati 11 kwa saa moja. Tochi inayokula wati 10 kwenye mwanga wa juu itaimaliza kwa saa moja na kidogo. Ukiishusha mpaka wati 1, inakaa masaa 11. Zamu ya mlinzi ni masaa 12. Kwa hiyo usimuulize muuzaji inamulika mbali kiasi gani peke yake, muulize ina mwanga wa chini au haina, na ukiiwasha inaanza na upi. Zile ambazo lazima upitie mwanga mkali, halafu wa kati, halafu ile ya kuwakawaka kama gari la polisi, ndipo uizime, hazifai. Fikiria mtu kasikia kitu kwenye mahindi, na tochi yake inacheza disko.

Tena mwanga mkali una gharama ambayo wengi hawaifikirii. Jicho la mtu huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Mlinzi anayemulika ovyo kila dakika anajipofusha mwenyewe. Sungusungu walipoanza miaka ya mwanzo ya 1980 huku Shinyanga na Tabora, wizi wa ng'ombe ukiwa umewachosha watu, kazi ilikuwa filimbi, mwano na mishale. Walijua kukaa gizani na kusikiliza. Mlinzi wako afanye hivyohivyo: tochi izimwe, iwashwe kwa sababu. Mwenye banda la kuku wa mayai amkataze kabisa kumulika ndani kwa mwanga mkali, maana kuku wakishtuka wanarundikana pembeni na wa chini wanakufa.

Huku kwenye machimbo nitaambiwa, "Afisa, si tumnunulie tu ya kichwani, kama wachimbaji wa Nyarugusu?" Hapana. Mchimbaji yuko ndani ya duara, anataka mikono yote miwili na kuona mwamba ulio mbele ya pua. Mlinzi anatakiwa aone uzio wa mbali, aone kama ni fisi au mtu. Halafu taa ya kichwani inamwonyesha mwizi kichwa kilipo. Ya mkononi anainyoosha pembeni, mbali na mwili. Ya kichwani iwe ya kufungulia maji usiku, hapo haina mpinzani.

Zile kubwa zenye mpini, za kuchomeka ukutani, nyingi za bei rahisi zina betri ya risasi ndani. Mwezi wa kwanza zinamulika hadi raha. Ila betri ya risasi ikiachwa tupu siku kadhaa inaharibika, na mlinzi wako huenda nyumbani kwake hakuna umeme. Hapo ndipo wengi wanapokwama: nani anachaji, na wapi? Nunua tochi ambayo betri inatoka, na betri mbili. Moja iko kazini, moja iko chaji kwako, wewe ndiye unayehusika. Isichajiwe ghalani kwenye magunia ya pamba wala juu ya maranda ya kuku. Betri ya lithiamu ya hovyo ikishika moto huizimi kwa kofia.

Kuna tabia nyingine inaniudhi. Tochi ikipotea au ikifa, mlinzi anakatwa mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kumlinda anayemfanyia kazi. Mlinzi haji na pampu yake, kwa nini aje na tochi yake au ailipie? Iandike kwenye daftari la gharama, karibu na dawa na mbegu. Kama msimu hauwezi kubeba bei ya tochi moja ya maana, hiyo hesabu ya shamba tuikae upya.

Ukienda dukani, iwe Kahama au Katoro, mwombe muuzaji aiwashe mwanga wa chini ikiwa imejaa chaji, aiache mezani, wewe nenda kanunue mahitaji mengine. Rudi baada ya masaa mawili uone. Mwingine atakataa, na pale Katoro maduka hayajaisha.