Mabano Mnayoyaruka Ndiyo Tamthilia Yenyewe

Mwalimu akiingia darasani na kitabu cha tamthilia, kazi ya kwanza ni kugawa wahusika. Wewe Majoka. Wewe Tunu. Wewe mwenye sauti kubwa huko nyuma, kuwa Kenga. Halafu mnasoma. Mkifika mahali kuna mabano mnaruka, hakuna hata anayeuliza kwa nini. Na akitokea msee mmoja ambaye hajashika mchezo, asome kwa sauti "akicheka kwa dharau" kana kwamba ni maneno ya mhusika, darasa zima linaangua kicheko na mwalimu anamwambia: hiyo usisome, endelea.

Mimi nasema huyo msee ndiye alikuwa anasoma tamthilia. Wengine wote walikuwa wanasoma mazungumzo.

Najua tulifikaje hapa. Karatasi ya tatu ya Kiswahili kwenye KCSE ina alama 80, na kila mtu anajua tamthilia itakuja kama dondoo ama insha. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Taja sifa za mhusika. Kwa hivyo tulioisoma Kigogo ya Pauline Kea tulimkariri Tunu kama mtu anayeandika barua ya kuomba kazi: jasiri, mwenye utu, mtetezi wa haki. Sawa. Lakini mtetezi wa haki akiwa peke yake hana taharuki yoyote. Taharuki inaanza pale unapomweka chumba kimoja na mtu anayetaka anyamaze, na mlango uko upande wa huyo mtu. Sasa nani anakwambia mlango uko upande gani? Mabano.

Acheni niwaonyeshe badala ya kuhubiri. Hii nimeitunga mimi, msiitafute kwa kitabu.

MAMA: Mtihani ulikuwaje?
MUTWIRI: Ulikuwa sawa, Mama.
MAMA: Haya. Njoo ule.

Hakuna kitu hapo. Ni maisha ya kawaida ya boma lolote kutoka Maua hadi Runyenjes. Sasa someni tena, na sitabadilisha hata neno moja la kusemwa.

(Jikoni, jioni. Mutwiri amesimama mlangoni, begi bado mgongoni. Anaikunja barua ya chuo na kuisukuma mfukoni.)
MAMA: (akihesabu pesa za maziwa kwa mara ya pili, bila kuinua macho) Mtihani ulikuwaje?
MUTWIRI: (anaziangalia zile pesa) Ulikuwa sawa, Mama.
(Kimya. Mama anazifunga pesa kwenye leso, anamwekea Mutwiri mkononi.)
MAMA: Haya. Njoo ule.

Umeona? Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyesema "nina siri." Lakini sasa kuna barua mfukoni, kuna pesa kidogo ambazo mtu amezihesabu mara mbili, kuna mkono ambao lazima uzipokee ama uzikatae. Na wewe unajua kitu ambacho mama hajui, kwa hivyo lile neno "njoo ule" linauma. Wale mnanijua mnajua nimeitoa wapi. Tuendelee.

Upande wa wahusika, mtu wa kusoma ni wetu kabisa: Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, profesa wa isimu pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Kifo Kisimani yake ilitoka mwaka 2001 na ikawa kitabu cha kutahiniwa kabla yetu. Muulize dada yako mkubwa ama mjomba, atakuimbia majina yote. Kuna nchi inaitwa Butangi, kuna mtawala Bokono, na kuna kijana Mwelusi anayewaamsha watu hadi anatiwa ndani. Hadi hapo ni hadithi ambayo umeisikia mara mia: dikteta upande mmoja, shujaa upande mwingine. Ingeishia hapo ingekuwa bango la maandamano, si mchezo wa kuigiza.

Kitu alichofanya Kithaka ni kumweka Gege. Gege ni ndugu ya Mwelusi. Anaahidiwa kumwoa Alida, binti ya Bokono, na ndiye anayemuua ndugu yake kisimani. Mnaelewa hiyo inafanya nini kwa mchezo mzima? Hatari haiko tena ikulu, imehamia mezani kwenu. Bokono anaweza kukutumia askari na ukawasikia viatu vyao wakija. Ndugu yako husikii akija, kwa sababu kila siku yuko hapo. Hiyo ndiyo maana ya kujenga mvutano kupitia wahusika: si kuongeza maadui, ni kuwasogeza karibu.

Halafu fikirieni mahali penyewe. Kwa mtu wa Nairobi kisima ni alama ya rasilimali, atapewa alama yake moja aende zake. Lakini kama una shosho huko Tharaka ama Mbeere chini, ambapo jua halina huruma na maji ni safari, unajua kisima ni nini kimwili. Ni mahali ambapo mtu analazimika kuinama. Anapeana mgongo. Hakuna anayebeba silaha kwenda kuchota maji. Mwandishi angeweza kumuua Mwelusi jela ama njiani, lakini alichagua mahali ambapo kila mtu lazima aende, hata anayejua anawindwa. Siamini hata kidogo kwamba mtu wa Tharaka alichagua hilo bila kufikiria.

Sasa vuka kutoka Embu uingie Kirinyaga, hapo tu jirani, alikozaliwa Mĩcere Gĩthae Mũgo. Yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o waliandika The Trial of Dedan Kimathi, ikaigizwa Kenya National Theatre mwaka 1976, na baadaye ikapata tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi. Kimathi mwenyewe alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na akashtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, kosa ambalo wakati ule wa hali ya hatari lilibeba adhabu ya kifo. Akanyongwa Februari 1957. Kila Mkenya aliyeingia ukumbini 1976 alijua mwisho. Kwa hivyo unajengaje taharuki wakati watu tayari wanajua mtu wako atakufa?

Walifanya mambo mawili ambayo mimi nayaiba kila siku. La kwanza, mahakamani Kimathi anaulizwa kama anakubali shtaka, na anakaa kimya. Jaji anauliza tena, na bado kimya. Ukisoma kwa macho ya mtihani, hapo hakuna kitu cha kupigia mstari, kwa sababu hakuna maneno. Ukikaa ukumbini, hapo ndipo kiti kinakuchoma. Mtu aliyefungwa minyororo ndiye anaamua kesi ianze lini, na mwenye mamlaka yote analazimika kungoja.

La pili ni mkate. Kuna mkate unapita mikononi mwa watu mchezo mzima, na ndani yake kuna bunduki. Basi. Ukishajua kilicho ndani, kila askari anayesogea karibu na huo mkate anakukaba koo. Mkate hauna sauti wala mstari hata mmoja wa kusema, lakini ndio unafanya kazi kuliko hotuba zote za humo ndani (na hotuba ni nyingi, wacha tusidanganyane).

Kama bado mnadhani kimya cha jukwaani ni mambo ya vitabu vya zamani, rudini Aprili 2025, Nakuru, tamasha za kitaifa za drama. Wasichana wa Butere walikuwa na Echoes of War, iliyoandikwa na Cleophas Malala. Shule hiyohiyo na mwandishi huyohuyo walipigwa marufuku 2013 kwa sababu ya Shackles of Doom, hadi Mahakama Kuu ikaingilia. Mara hii pia ilibidi mahakama iseme waruhusiwe kuigiza. Malala akazuiwa kuwafikia, polisi wakarusha vitoa machozi huko nje, na asubuhi ya tarehe 10 wasichana wakapandishwa jukwaani mbele ya ukumbi usio na hadhira. Wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakatoka.

Hawakusema mstari hata mmoja wa mchezo wao, na nchi nzima ilizungumzia asubuhi hiyo kuliko mchezo wowote wa shule ninaoukumbuka. Kama ungeandika tukio hilo kwa karatasi, karibu lote lingekuwa ndani ya mabano: wanaingia, ukumbi ni mtupu, wanaimba, wanatoka. Hao wasichana walielewa jukwaa kuliko watu waliokuwa wanalilinda kwa gesi.

Ndio maana nakasirika nikiona tunavyotengeneza vichekesho vyetu mtandaoni, hasa sisi wa huku mlimani. Kila klipu ni kelele. Jamaa wa miraa anapiga kelele, mke anapiga kelele, pasta anapiga kelele, mwisho mtu anamwagiwa maji. Tunadhani mgogoro ni sauti. Najua mtanijibu kwamba TikTok haingoji, mtu akikosa kucheka sekunde tatu za kwanza anapita. Si kweli kabisa. Anayepita ni yule ambaye hana swali kichwani. Weka simu mezani inayotetemeka na jina la mtu limeonekana, weka mke anayeendelea kumenya viazi bila kuiangalia, uone kama kuna mtu atapita. Haigharimu kitu. Viazi ni vyako.

Na kwa walimu, msinichukie. Najua silabasi ni ndefu na darasa lina watu sitini. Lakini chukueni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Bunju hataki mama mkwe wake mgonjwa alale nyumbani kwake, kwa sababu ya mila. Mtoto wa Meru ama Embu hahitaji maelezo ya hiyo; sisi bado tuna mikwe ambao hatuwezi kukaa nao kochi moja. Bunju si mtu mbaya, mama mkwe hana kosa, na Neema amekwama katikati ya mumewe na mama yake. Hapo pana mvutano ambao hauna adui wa kumpigia makofi akianguka. Ukiwasomesha kama "maudhui: mila na desturi, alama 2," umeutupa wote.

Ombi langu ni dogo. Mkigawa wahusika kesho, ongezeni mmoja: msomaji wa mabano. Asome kila kitu kilichoandikwa humo, na wenzake wafanye anachosema, wasimame, wakae, wageuke dirishani. Mkifika palipoandikwa kimya, mnyamaze kweli, mhesabu hadi kumi. Mpeni hiyo kazi yule wa nyuma aliyechekwa.